Kindi ndani ya bomba la moshi: je, niwashe moto?

Ndugu zangu,

Tangu juma lililopita nasikia mikwaruzo katika bomba la moshi la nyumba tuliyopanga, na jana vijiti na majani makavu vilidondoka hadi mekoni. Mchana nilimwona kindi akiingia kutokea juu ya paa. Jirani amenishauri niwashe moto ili moshi umfukuze. Je, yupo aliyewahi kupatwa na jambo hili?

*

Dada yangu,

Tafadhali usiuwashe moto huo. Nami nilipewa ushauri huohuo mwaka wangu wa kwanza katika nyumba yenye bomba la moshi, na nashukuru kwamba sikuufuata. Kindi mkubwa huenda akapanda akatoka, lakini watoto hawawezi, kwani huzaliwa hawana manyoya, macho yamefumba, na hukaa hivyo kwa takriban mwezi mzima. Kindi wa kijivu huzaa mwishoni mwa majira ya baridi na mara nyingi tena katikati ya kiangazi, kwa hiyo ukisikia mikwaruzo nyakati hizo, chukulia kwamba watoto wamo hadi uhakikishe kuwa hawamo. Moshi utawaulia humohumo, mizoga ioze mahali usipofikia, na kiota chenyewe chaweza kushika moto.

Lililo zito zaidi ni usalama wenu. Bomba likizibwa na kiota, moshi hurudi ndani pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Ikiwa mtambo wa kupasha nyumba joto nao unatoa moshi wake kupitia bomba hilohilo, uzime na umwite fundi leo hii, wala usingoje kesho. Kisha funga kile kibao cha chuma kilicho juu ya meko, ili mnyama asishukie sebuleni.

Baada ya hapo, sikiliza. Kindi wa kijivu hushughulika mchana, hasa asubuhi na alasiri. Mikwaruzo ya usiku wa manane huenda ni ya mnyama mwingine. Na kama uko Amerika Kaskazini, ukisikia milio ya makinda wakati wa kiangazi, yawezekana ni ndege wa jamii ya teleka, ambao hujenga ndani ya mabomba ya moshi na hulindwa na sheria, hivyo kiota chao chenye mayai au makinda hakiguswi.

Ikiwa anayekwaruza hatoki kabisa, pengine ameanguka na kuta laini za bomba zimemshinda. Fundi wa paa ateremshe kamba nene kutoka juu hadi chini, aifunge vizuri kileleni, kisha watu waondoke; kindi atapanda mwenyewe kukiwa kimya.

Wangu alikuwa na watoto, nami nilisubiri majuma kadhaa. Asubuhi moja nikiwa uani nilimwona akitoka bombani na donge la manyoya mdomoni. Alikuwa mtoto wake, amejikunja akamzunguka mama shingoni, na mama akapita naye juu ya paa taratibu hadi mtini. Alifanya safari tatu. Kindi jike huwa na kiota zaidi ya kimoja, na akisumbuliwa kidogo huhama mwenyewe.

Walipokwisha kuondoka, fundi alimulika bomba kwa tochi akahakikisha ni tupu, akatoa kiota na masizi, ndipo akafunga kifuniko chenye wavu wa chuma kisichoshika kutu. Mpangilio huo usiupindue, kwa maana kifuniko kikitangulia, utawafungia ndani. Matawi yaliyo karibu na paa nayo yakatwe, yabaki umbali wa mita tatu hivi.

Mtego sikushauri. Uingereza, kwa mfano, ni kosa kumwachilia kindi wa kijivu aliyekwisha kukamatwa. Na kwa kuwa umepanga, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi.

*

Kaka, nashukuru sana. Kibao nimekifunga, na mwenye nyumba nimemwandikia. Leo asubuhi nilitega sikio karibu na meko nikasikia vilio vyembamba, zaidi ya kimoja, vikanyamaza mama aliporudi. Tutasubiri.