Unakula bumu halafu unasoma riwaya? Hebu tujadili hili

Wakuu habari. Kwenye group la darasa letu mtu kaweka picha ya riwaya anayosoma, ikawa vita. Mmoja akamjibu "unakula bumu la serikali halafu unasoma hadithi, kodi zetu hizo", wengine wakadandia, eti chuo umefuata GPA (wastani wa maksi), riwaya na gitaa utavikuta mtaani ukimaliza. Mimi napinga, ila nataka nipingwe na watu wenye hoja.

Nianze na hilo la kodi. Bumu siyo sadaka jamani, ni mkopo, ukipata ajira Bodi ya Mikopo wanakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Sasa elfu kumi kwa siku ya kula na kulala ndo inunue mpaka usiku wangu?

Tuje kwenye hesabu. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanasema krediti 1 ni saa 10 za kazi, na humo kuna kila kitu, lekcha, semina, asaimenti, kujisomea mpaka mtihani wenyewe. Mwaka ni krediti 120, yaani saa 1,200, gawa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Wiki ina saa 168, toa hizo 40 na usingizi wa saa 8 kila siku, bado zinabaki 72. Najua hizo 72 hazijakaa tu zinakusubiri, kuna mtu kapanga mbali huko Mbagala anagombania daladala asubuhi na jioni, kuna kufua, kuna maji yamekata, kuna ambaye mkopo alinyimwa kabisa na jioni anakaanga chipsi ili alipe ada, huyo simwambii kitu. Na wa udaktari akishaanza kuingia wodini hesabu za krediti anaziona utani. Lakini wewe mwenzangu na mie wa BA, vipindi vinne kwa wiki na Ijumaa huna hata kimoja, ukiniambia nusu saa ya riwaya kabla ya kulala haipatikani sikuelewi.

Tatizo langu ni kwamba toka form one tumezoeshwa kitabu ni cha kujibia mtihani. Hata riwaya zenyewe tulizisoma kwa dhamira, wahusika, falsafa ya mwandishi, ukitoka chumba cha mtihani umemalizana nayo. Chuo ndo madesa sasa, notsi za kupeana, fotokopi ya fotokopi, unakariri unatapika unasahau. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) iliyofunguliwa 2018 inaingiza watu 2,100 kwa mpigo na ikifika wakati wa test kiti hupati, ila pita mezani uone wanachosoma: madesa na past papers. (Na msiniletee vile vitabu vya "kuwa tajiri kabla ya miaka 30", ile ni asaimenti nyingine umejipa mwenyewe.)

Halafu watu wanaongea kama vile mambo yalikuwa hivi siku zote. Hapo hapo UDSM, yaani Mlimani, 1969 wanafunzi walianzisha jarida lao la siasa, Cheche, na mhariri wake mmoja Karim Hirji alikuwa anasoma hisabati. Hisabati! Hakuna lekchara aliyempa maksi kwa hiyo kazi. Jarida likapigwa marufuku 1970, yeye akaja kuwa profesa wa takwimu za tiba. Mwalimu Nyerere naye tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka 1963, mtu yuko Ikulu na nchi haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru.

Sasa hapa ndo napojua nitabanwa, mtasema hao walisomeshwa bure na ajira ilikuwa inawasubiri mlangoni. Ni kweli, na hii ndo hoja pekee ya upande wa pili inayonisumbua. Leo kubaki chuoni kufundisha kama tutorial assistant wanataka GPA ya 3.8, first class, daraja la juu kabisa, inaanzia 4.4, mtu mwenye 4.3 anailia ile pointi moja maisha yake yote. Ndiyo maana mimi UE (mtihani wa mwisho wa semista) ikikaribia riwaya naifungia kwenye begi, sijifanyi shujaa. Ila nitajieni mtu mmoja mliyesoma naye aliyekula sapu, yaani kurudia mtihani, kwa sababu ya riwaya. Niliowaona mimi ni kubeti, mapenzi, na asaimenti iliyoanzwa saa sita usiku inatakiwa asubuhi.

Wale wa uhandisi na udaktari njooni, nyie ndo mnaweza kunibadilisha mawazo. Mkitoka maabara au wodini mnasoma kitu kingine chochote, au mpaka likizo, na likizo yenyewe field (mafunzo kwa vitendo) imeshaila? Na tuseme chuo kimefuta vipindi vya Jumatano mchana, muda huo mtautumia kufanya nini, semeni ukweli.