Bahari ya Seeb imegeuka kijani. Kaskazi si ni hii hii ya kwetu?

Mama Nassra (Seeb)
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Unguja, huku Omani nina mwaka wa pili. Tangu wiki iliyopita maji yamegeuka kijani, mazito kama mchuzi wa mchicha, na wimbi likirudi linaacha utando juu ya mchanga. Usiku ndiyo ajabu: mwanangu karusha kijiwe, pakawaka buluu pale kilipoangukia. Mzee mmoja wa sokoni kaniambia nisishtuke, kila kaskazi hutokea. Lakini kaskazi ninayoikumbuka mimi ni joto, shwari, na maji meupe unahesabu kombe chini. Upepo ni mmoja, mbona huku unazaa haya? Na watoto waoge?

Mvuvi wa Nungwi
Waalaykum salaam dada. Bahari kuwaka hata sisi tunaona, giza likiingia, kila unapochota kasia. Kijani hicho sijakiona. Cha kwetu, kaskazi ikitulia, ni michirizi juu ya maji, rangi ya vumbi la mbao, masafa marefu. Wazee wanasema ni uchafu wa bahari tu.

Hamad_Wete (Salalah)
Mama Nassra, swali lako nimelibeba miaka, tangu nasoma mambo ya bahari mpaka nikahamia huku. Upepo ni mmoja kweli, ila unaofika Unguja umeshabadilika njiani.

Kaskazi inatoka bara la Asia, na ikiingia Bahari ya Arabu ni kavu na ya baridi. Inayakausha maji ya juu, yanapoa, chumvi inazidi, yanakuwa mazito na kuzama. Ya chini yanapanda kushika nafasi, nayo yamebeba rutuba, naitreti na fosfeti za kila kilichokufa kikazama. Rutuba ikikutana na jua, vijimea vinaumuka kama unga uliotiwa hamira. Sasa upepo huo mpaka uvuke ikweta umepita maelfu ya kilomita juu ya maji ya moto, umeshiba joto na unyevu. Hauna tena nguvu ya kuyapoza. Ya juu yanabaki na nyuzi 29 au 30, yameelea kama mafuta juu ya yale ya baridi, na rutuba imefungiwa chini. Yale maji meupe tunayoyasifu kwetu ni maji yenye njaa.

Kusi nayo ukija kuiona hapa Salalah, kusini mwa Omani, utashangaa. Wenyewe wanaita khareef, Juni mpaka Septemba. Upepo unakwenda sambamba na pwani, na kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yanapelekwa upande wa kulia wa upepo, yaani nje baharini. Ya chini yanapanda. Julai nimetia mguu nikautoa, nyuzi 20 hivi! Baridi hiyo ndiyo inayosaidia kuleta ule ukungu wa milima ya Dhofar.

Kijani chako kinaitwa Noctiluca scintillans. Ni seli moja, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na ndani yake imefuga vijimea vya kijani vinavyoilisha kwa nguvu za jua. Yenyewe pia inakula vijimea vingine. Zamani kaskazi ya huku ilikuwa msimu wa dayatomu, vijimea vya seli moja, chakula cha vidudu wanaoliwa na samaki wadogo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Noctiluca imewapiku. Helga Gomes, Joaquim Goes na wenzao waliandika mwaka 2014 kwamba chanzo ni maji yenye oksijeni haba kusogea karibu na juu. Linaloniuma ni kwamba wanaoila ni wachache, hasa yavuyavu na salpa, vidude laini vya baharini vinavyofanana na jeli. Bahari imejaa, na samaki hapati kitu.

Mvuvi, si uchafu kaka. Michirizi hiyo ni Trichodesmium, aina ya bakteria wanaotumia jua kama mimea. Inachukua naitrojeni ya hewani ikajitengenezea mbolea, ndiyo maana inastawi katika maji yale yale yenye njaa.

Watoto wasubiri. Noctiluca haijulikani kutoa sumu, lakini inaweka amonia mwilini, na ikioza inamaliza oksijeni. Samaki mliyemkuta ameshaelea, msile.

Abu Salim, Sohar
Mama Nassra, ukiona maji ya kahawia yanayoelekea wekundu, hapo ndipo pa kuogopa. 2008 hadi 2009 tulipata hayo, kijimea kiitwacho Cochlodinium, zaidi ya miezi 8, zaidi ya kilomita 1,200 za pwani kutoka huku mpaka ndani ya Ghuba. Samaki walikufa kwa maelfu ya tani, na mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari ikafungwa. Mke wangu alijaza ndoo zote za nyumba, hata sufuria za pilau.

Mama Nassra (Seeb)
Allah awalipe nyote. Watoto nimewazuia. Jana magharibi nimeteka maji kwenye chupa ya jemu, nikayaacha mezani. Vitone vikapanda juu taratibu, vidogo kama mbegu za ufuta… hapana, vidogo kuliko hizo, kama punje za sukari. Nikazima taa, Nassra akaigonga chupa kwa kijiko. Ikawaka yote. Kaigonga mpaka ikachoka kuwaka, akalia anataka nyingine.