Kompaundi, polishi, nta, silanti: nianze na chupa ipi?

BluuIliyokolea
Wakuu, habari zenu. Gari langu ni la bluu iliyokolea, rangi ya kiwandani, halijawahi kugongwa wala kupigwa rangi upya. Likiwa kivulini linapendeza. Likimulikwa na taa usiku, boneti nzima inajaa mikwaruzo myembamba inayozunguka pale mwanga ulipo, na nikisogea nayo inasogea. Nataka kuling'arisha mwenyewe nyumbani. Kinachonichanganya ni chupa: kompaundi, polishi, gleizi, nta, silanti, seramiki, halafu ipo nyingine inayodai inafanya yote kwa mpigo mmoja. Ninunue zipi na nianze na ipi? Sitaki kujaza kabati dawa nisizozitumia.

ChumaChakavu
Piga seramiki mkuu, uachane na mengine. Ugumu 9H, hata ufunguo hauikwaruzi.

FundiKivuli
Mkuu Bluu, subiri kwanza. Hiyo 9H inayoandikwa kwenye maboksi ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti na kuzisukuma juu ya utando uliokauka. 9H maana yake penseli ngumu haikuacha alama. Ufunguo si penseli. Na seramiki ni angavu. Ukiipaka juu ya mikwaruzo yako unaifungia humo humo, na siku ukitaka kuiondoa itabidi uikwangue seramiki yenyewe kwanza.

Sahau majina ya chupa, tazama kazi. Zipo tatu tu: kukwangua, kuficha na kufunika. Kompaundi na polishi zinakwangua. Kompaundi ina ukali zaidi, polishi inalainisha na kurudisha mng'ao. Gleizi inaficha: mafuta yake yanajaza mikwaruzo, gari linatoka limependeza, ukiliosha mara chache mikwaruzo inarudi ilivyokuwa. Wauza magari wanaipenda sana hiyo. Nta, silanti na seramiki zinafunika, haziondoi kitu.

Sasa kwa nini nasisitiza. Juu ya bluu yako kuna kliakoti, ile rangi angavu, na kwenye magari mengi ya kiwandani unene wake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Huo ndio mtaji wako wote. Kila ukikwangua unaula, na hakuna chupa inayourudisha, hata iandikwe nini. Kliakoti ndiyo pia inayoizuia miale ya jua isiipaushe bluu iliyo chini yake. Ndiyo maana unaanza na dawa dhaifu na pedi laini, ile sponji ya kung'arishia, kwenye kipande kimoja cha boneti cha sentimita 40 kwa 40. Ikitosha hapo, itatosha gari zima. Isipotosha, badilisha pedi kwanza kabla ya kubadilisha dawa. Watu wengi wanakimbilia dawa kali wakati pedi ndiyo inayoamua nusu ya kazi.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, bila kukandamiza. Ukucha ukinasa, huo umeshazama, achana nao. Unaweza kuufanya usionekane sana lakini kuufuta ni kumaliza kliakoti.

Na usiguse polishi kabla ya kusafisha. Osha, kausha, halafu vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na uteleze vidole juu ya boneti. Utashangaa: rangi uliyodhani ni laini inakwaruza kama msasa. Ule ni uchafu ulioganda, vumbi la chuma la breki, utomvu na lami. Dawa ya kuyeyusha chuma utaiona ikigeuka zambarau inapokuta chembe. Isuuze kabla haijakauka. Kinachobaki, tumia kle, ule udongo wa kusafishia rangi, na mafuta yake ya kuteleza. Kle ikianguka chini, tupa. Usiioshe, usiionee huruma, tupa.

BluuIliyokolea
Asante sana fundi, sasa naelewa. Je, kwa mkono inawezekana, au lazima mashine? Na ile ya yote kwa mpigo ni uongo mtupu?

FundiKivuli
Mkono unaweza kipande kidogo, kama pale chini ya kitasa cha mlango kucha zinapokwaruza. Kwa boneti nzima utachoka katikati, na upande wa kulia utakuwa tofauti na wa kushoto. Chukua mashine inayozunguka huku inatikisika, ile ambayo ukiikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka. Hiyo ni salama kwa anayeanza. Ile ya kuzunguka tu inakusanya joto mahali pamoja na inaweza kutoboa kliakoti ukizubaa, hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi ambako rangi ni nyembamba. Kingo zote zibandike utepe wa karatasi.

Dawa matone matatu manne tu, punje ya mbaazi kila moja. Isambaze mashine ikiwa taratibu, kisha ongeza kasi na upite polepole, huku na huku, kisha juu na chini. Futa pedi kila umalizapo kipande, maana rangi iliyokwanguliwa inajaa humo na kuanza kukwaruza upya. Fanya kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Dawa ikikaukia juani utaisugua mpaka jioni.

Ukimaliza kipande, futa kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji. Inaondoa mafuta ya polishi, na hapo ndipo unaona kama mikwaruzo imetoka kweli au imejificha. Tazama kwa tochi, si kwa taa ya dari.

Ya yote kwa mpigo si uongo. Inakwangua kidogo na kuacha utando wa kinga. Kwa gari la kubebea mizigo ningeitumia bila kusita. Kwa bluu iliyokolea, ambayo haisamehe, tenganisha. Jina ukilitaka: Meguiar's Ultimate Compound inafanya kazi hata kwa mkono, na M205 ya kampuni hiyo hiyo ni ya kumalizia. Ukienda Menzerna, kampuni nyingine ya polishi, angalia namba, zimekaa kinyume na wanavyodhani wengi: 400 ndiyo kali, 3500 ni ya kumalizia.

Kufunika, chukua silanti. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ina mng'ao mzito mzuri mno kwenye rangi za giza, lakini hudumu wiki kadhaa, labda miezi miwili. Silanti inakwenda miezi kadhaa. Paka nyembamba kiasi kwamba huioni vizuri. Ukipaka nene unapoteza dawa na unajiongezea kufuta, kinga haiongezeki.

MamaGereji
Fundi kasema yote ila kitambaa. Mwanangu, hiyo mikwaruzo haikushuka kutoka mbinguni, imeletwa na kuosha. Usipobadilisha kuosha utakuwa unapiga polishi kila mwaka mpaka kliakoti iishe. Ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Anza juu, malizia chini ya milango. Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu hata siku moja. Vitambaa vya mikrofaiba unavyofutia rangi ya gari vifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi na kitambaa kinaacha michirizi. Na plastiki nyeusi za pembeni zibandike utepe pia. Polishi ikikaukia pale inaacha weupe unaokera.

ChumaChakavu
Haya, nimeelewa somo la penseli. Mimi gari langu ni jekundu, la zamani. Nikilisugua kwa kompaundi kitambaa kinakuwa chekundu. Kliakoti imekwisha?

FundiKivuli
Si lazima. Magari mengi ya zamani hayakuwa na kliakoti kabisa, rangi ni ile ile mpaka juu, kwa hiyo ukikwangua lazima itoke kwenye kitambaa. Habari njema ni kwamba jekundu lililopauka la aina hiyo huwa linarudi vizuri sana kwa polishi. Lakini ukiona mabaka yanayobanduka yenye kingo nyeupe nyeupe, hiyo ilikuwa na kliakoti na imekufa. Hapo ni msasa na rangi upya. Tuma picha ya paa, mchana, bila maji.