Flava ya embe ya juisi ya vepu: ni mbovu au nimekosea kipimo?

Mchanganyaji_Ilala

Wakuu, habari za jioni. Nina chupa ya mililita 10 ya flava ya embe isiyozimuliwa, ya kutengenezea juisi ya vepu (sigara ya kielektroniki) nyumbani. Lebo inasema ni ya embe, salama kwa chakula, imeyeyushwa kwenye PG (propilini glaikoli). Basi. Nimechanganya mililita 30, VG (glisirini ya mimea) 70 kwa PG 30, flava asilimia 10, bila nikotini.

Ukifungua chupa, harufu ni embe kabisa. Ikishafika kwenye koili (waya unaopasha juisi moto), mvuto wa kwanza ni embe, wa pili ni kama pilipili manga na manukato, wa tatu ladha haipo tena, koo linakereketa tu. Natumia tenki, koili ya omu 0.6, wati 35. Nilitikisa nikavuta siku hiyohiyo.

Flava ndiyo mbovu au kosa ni langu? Na flava mpya inapimwaje hatua kwa hatua kabla ya kuimwagia VG nyingi? Zipo nyingine tatu za matunda zinasubiri.

Pima_Kwanza

Mkuu, kwa asilimia 10 ni vigumu kuihukumu flava ya embe usiyoijua. Flava ikizidi, ladha haiongezeki, inazibika: pua inachoka ndani ya mivuto miwili, kinachobaki ni mkwaruzo. Hiyo ndiyo dalili uliyoandika. Lakini haimaanishi flava ni nzuri. Maana yake bado hujaipima.

Anza bila kifaa chochote. Kata ukanda wa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, nene kidogo, upana wa kidole. Chovya ncha yake kwenye flava, nusu sentimita tu, uiache ikauke mbali na jiko. Nusa papo hapo, nusa baada ya dakika 15, baada ya saa moja, kisha kesho yake asubuhi. Mara ya kwanza utapata vile viini vyepesi vya harufu vinavyoruka, ndivyo vinavyokudanganya pale unapofungua chupa. Cha saa moja ndicho kinachokaribiana na utakachokisikia kwenye mvuke. Karatasi ya asubuhi ikinuka utamu wa embe lililoiva, kuna kitu cha kufanyia kazi. Ikinuka rangi ya mafuta au tapentaini, flava imeshaingia hewa na kuharibika, mara nyingi kwa kukaa kwenye kabati la kioo linalopigwa jua. Hiyo usihangaike nayo.

Ikipita hapo, tengeneza chupa tatu za mililita 10 kila moja, flava hiyo peke yake, hakuna cha kuongeza utamu wala ubaridi. Pima kwa uzito. Matone yanadanganya, kwa sababu tone la PG ni dogo kuliko la maji, na mdomo wa kila chupa unatoa lake. Hesabu ya VG 70 kwa PG 30 ni hii (PG na flava nimezichukulia gramu 1.04 kwa mililita, VG gramu 1.26):

Asilimia 1.5: flava gramu 0.16, PG gramu 2.96, VG gramu 8.82.
Asilimia 3: flava gramu 0.31, PG gramu 2.81, VG gramu 8.82.
Asilimia 6: flava gramu 0.62, PG gramu 2.50, VG gramu 8.82.

Flava yenyewe imo kwenye PG, kwa hiyo inahesabiwa ndani ya ile 30. Ndiyo maana PG inapungua kila flava inapopanda. Wengi hukosea hapa: wanaweka 70 kwa 30 kamili halafu wanaongeza flava juu, chupa inafika mililita 11 na asilimia inakuwa nyingine.

Mizani iwe ya kusoma gramu 0.01, kama zile za masonara. Ile ya jikoni inayosoma gramu 0.1 itakuandikia 0.2 pale penye 0.16, na hilo ni kosa la robo nzima. Zima feni kabla ya kupima. Upepo wa feni ya dari unaichezesha mizani ndogo namba zisitulie, na kwa Dar feni ndiyo kitu cha mwisho mtu kukumbuka kuzima. Flava itangulie chupa ikiwa tupu, ifuate PG, VG imalizie. Ukianza na VG halafu flava ikazidi tone moja, huna pa kurekebishia.

Tikisa dakika mbili, andika tarehe na asilimia kwenye kila chupa, funga, weka gizani. Tunda huonjwa siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Zenye maziwa, kastadi au biskuti ndizo zinazohitaji wiki mbili hadi nne.

Kuhusu kifaa: usipimie kwenye tenki. Embe linaganda kwenye pamba, chupa ya pili utaionja kupitia ya kwanza. Tafuta kichwa cha kudondoshea (unadondosha juisi moja kwa moja kwenye koili, hakina tenki), koili ya waya mmoja wa kantali wa omu 0.8 hadi 1.0, wati 18 hadi 22, pamba mpya kwa kila chupa. Matone manne au matano, mivuto mitatu, andika, kunywa maji, pumzika dakika kumi. Anza na ya 1.5 upande juu, usianze na ya 6. Wati 35 kwenye tunda ni moto mwingi hata kwa koili yako ya sasa. Vile vyepesi vinaungua kabla hujavisikia.

Na usionje baada ya chai ya tangawizi au pilau. Karafuu inatia ganzi, na tangawizi inawasha koo kiasi kwamba hutajua mkwaruzo umetoka wapi. Asubuhi kabla ya chai ndiyo saa nzuri.

Mkemia_wa_Pwani

Yote sahihi, ila mimi ningeanza na lebo kabla hata ya karatasi. "Salama kwa chakula" ni habari ya tumbo. Mapafu hayana asidi ya kumeng'enya wala ini la kupitishia kwanza. Kuna vitu vinavyoliwa kila siku na havifai kabisa kuvutwa.

La kwanza ni mafuta. Arki za keki za madukani, nyingine zimeyeyushwa kwenye mafuta, nyingine zina sukari na rangi. Hakuna hata moja inayoingia kwenye vepu. Mafuta yakifika kwenye mapafu hayatoki kirahisi, yanaweza kuleta nimonia ya mafuta. Marekani mwaka 2019 watu walianza kulazwa mapafu yakiwa yameharibika, na hadi Februari 2020 zilikuwa zimehesabiwa kesi 2,807 na vifo 68. Kilichoonekana kuhusika zaidi ni vitamini E asetati, kitu cha mafuta kilichokuwa kinachanganywa hasa kwenye vimiminika vya bangi. Vitamini E hiyohiyo watu wanaimeza na kuipaka usoni bila tatizo.

Kipimo cha haraka: glasi safi ya maji ya uvuguvugu, dondosha tone moja la flava. Likizama likiyeyuka kama mkia wa moshi na maji yakabaki safi, ni dalili nzuri. Likibaki juu likitandaza duara lenye rangi za upinde wa mvua, hayo ni mafuta, acha. Ila angalieni: flava ya limau au chungwa inaweza kuyafanya maji yawe meupe kama maji ya mchele hata kama imeyeyushwa kwenye PG, maana kiini cha maganda ya jamii hiyo hakipendi maji. Kipimo cha glasi kinakamata mafuta yaliyo wazi tu. Hakikupi ruhusa.

Ruhusa inatoka kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa. Mwombe muuzaji. Majina hubadilishwabadilishwa, kwa hiyo tafuta namba za CAS (namba za utambulisho wa kemikali): 431-03-8 ni dayasetili, 600-14-6 ni asetili propionili, 513-86-0 ni asetoini. Zote tatu huleta ule ulaini wa siagi, na watengenezaji huzitia hata kwenye matunda ili yaonekane yameiva sana: embe, stroberi, ndizi. Dayasetili imeshaharibu mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya bisi Marekani. Asetoini nayo haiaminiki, ikikaa kwenye chupa sehemu yake hugeuka dayasetili. Muuzaji asiye na karatasi, flava yake usiivute, hata ikinukia vipi.

La pili ni VG na PG zenyewe. Glisirini ya kupaka ngozi ya dukani si hiyo; nyingine ina manukato na maji. Inayotakiwa ni ya daraja la dawa, iliyoandikwa BP au USP, chupa imefungwa na ina namba ya toleo. Usinunue iliyomiminwa kutoka kwenye dumu. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za watoto Gambia zilizokutwa na daiethilini glaikoli, sumu ya figo inayofanana kwa macho na PG na glisirini. Huwezi kuitambua kwa kuonja, ina utamu pia.

Kijana_wa_Sinza

Mkuu usisubiri siku saba zote hizo. Chovya chupa kwenye maji ya moto nusu saa kifuniko kikiwa wazi, inakolea leo leo.

Pima_Kwanza

Hapana, kaka, kwa tunda hiyo ni kuliua. Ulichokinunua kwenye flava ya tunda ni vile vyepesi, na moto na kifuniko wazi vinavitoa kwanza. Utabaki na chini yake, ambako ndiko kwenye pilipili na manukato. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na VG inanyonya maji, chupa isikae wazi. Kabatini hapa Dar joto linalotosha lipo tayari. Tikisa tu mara moja kwa siku.

Ganda_la_Sindano

Nizungumzie embe lenyewe, maana lina tabia zake.

Menya embe sindano, lamba upande wa ndani wa ganda karibu na kikonyo. Ule ukali wa utomvu, kama msonobari, unaochoma kidogo ncha ya ulimi, unatokana na tepini, viini vya harufu vya utomvu. Ni embe halisi hilo. Watengenezaji huziweka kwa makusudi, kwa sababu bila tepini embe linakuwa pichi. Pilipili unayoisikia ni hizo zilizozidi kipimo, na zinashuka haraka ukipunguza asilimia.

Manukato ni jambo jingine. Ukishusha hadi 1.5 pilipili ikaondoka na manukato yakabaki, hiyo ni tabia ya flava yenyewe na hakuna kipimo kitakachoitoa. Ikinuka jasho au kitunguu kilicholala, ni vile vyenye salfa. Embe lililoiva linavyo kidogo sana, na mara nyingi vinatulia kufikia siku ya tatu.

Halafu kuna ulaini wa embe bolibo lililoiva, ule unaojaza mdomo. Unatoka kwenye laktoni, kundi jingine la viini vya harufu, kama gama-dekalaktoni, ambayo pia ndiyo roho ya pichi. Ndiyo maana embe jembamba linasaidiwa na pichi kidogo. Lakini hiyo ije baada ya kupima peke yake. Ukitia pichi, utamu au ubaridi wa WS-23 mapema, utaficha kasoro, na kasoro itarudi kwenye chupa ya mililita 100.

Tazama koili pia. Baada ya mililita 4 za asilimia 3, pamba ikiwa na kahawia hafifu, sawa. Waya ukiwa umeshika ukoko mweusi kama wa sufuria ya wali, huenda ndani kuna sukralosi (kiongeza utamu) ambayo lebo haikuitaja. Sukralosi ikiunguzwa inatoa misombo ya klorini, si kitu cha kuvuta.

Mchanganyaji_Ilala

Wakuu nashukuru sana. Muuzaji ametuma karatasi: PG, namba tatu zote hazimo. Glasi ilibaki safi. Karatasi ya asubuhi ilinuka utamu, tapentaini hakuna. Siku ya tatu leo: ya 6 haivutiki, ya 3 ina pilipili kwa mbali mwishoni, ya 1.5 ni embe safi ila jembamba. Manukato hayapo kwenye ya 1.5. Pamba haijashika ukoko.

Ganda_la_Sindano

Basi flava yako ni nzima. Tengeneza mililita 10 za asilimia 2, flava gramu 0.21, PG gramu 2.91, VG ileile 8.82. Nyingine kama hiyo iongezee pichi asilimia 1, yaani gramu 0.10, na PG ishuke hadi gramu 2.81. Zionje zote mbili siku ya saba pamoja na ile ya 3, maana pilipili ya mwishoni inaweza kuwa imeshatulia. Ya 10 iliyobaki usiimwage: ukichanganya mililita 2 zake na mililita 8 za VG na PG tupu, 70 kwa 30, unapata asilimia 2 hapohapo.

Mkemia_wa_Pwani

Kwenye zile flava tatu nyingine, kama kuna ya limau au ndimu, usiiweke kwenye tenki la plastiki. Sitrali, kiini cha harufu ya limau, inaweza kulipasua. Kioo au chuma tu. Na chupa zote zikae juu, zenye vifuniko vya kubana watoto wasifungue. Kwa mtoto harufu hii ni juisi ya embe.