Moodle, Canvas au Sakai: chuo kihamie mfumo gani wa chanzo huria?

Mjumbe wa Kamati
Wakuu habari za humu. Nimetwishwa zigo. Chuo chetu kinatumia mfumo wa kulipia kwa masomo ya mtandaoni, mkataba unaisha mwakani na wakubwa wamesema hatuongezi, tutafute wa chanzo huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kamati ina watu saba na wawili tu ndio wamewahi kuiona seva kwa macho. Mezani kuna Moodle, Canvas na Sakai, halafu yupo mmoja anaing'ang'ania Open edX kwa kuwa aliwahi kusoma kozi huko akapata cheti. Wanafunzi ni kama elfu tisa. Mnatushauri nini? Naomba hoja, ushabiki tuuweke pembeni.

SevaHaizimwi
Moodle, uzi ufungwe. Natania ila sio sana. Moodle imeandikwa kwa lugha ya PHP, kijana yeyote aliyewahi kuhangaika na tovuti atajifunza kuitunza. Canvas ni Ruby on Rails, Sakai ni Java, akiondoka yule fundi wako mmoja mwingine utamtafuta kwa tochi. Halafu Canvas unayopakua bure sio ile wanayokuonyesha kwenye maonyesho, ile kwizi yao mpya haimo kwenye msimbo uliofunguliwa. Lakini mkuu nikuchane ukweli, mchague upi msichague upi, malekcha wenu wataufanya debe la kutupia PDF kama walivyoufanya huo wa kulipia.

Mzee wa Leseni
Kabla hamjafika mbali, "chanzo huria" na "bure" msivichanganye. Moodle iko chini ya leseni ya GPL, Canvas ilipofunguliwa 2011 ikaja na leseni ya AGPL, maana yake ukiichokonoa ukawapa watu waitumie kwa mtandao inabidi na msimbo ulioubadilisha uwape. Sakai wana leseni yao ya elimu ambayo haina masharti mengi. Kamati ilijadili hili au mnaangalia rangi za vitufe tu?
Na wanaosema wa kulipia ndio salama, kumbukeni Blackboard, kampuni ya mfumo wa kulipia. 2006 waliimeza WebCT, mshindani wao, mwaka huohuo wakapata hataza (haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya mambo ambayo kila mtu alikuwa anayafanya, wakawashtaki Desire2Learn, mshindani mwingine, na wakashinda.

Kobe Mtandaoni
Mzee hapo umekatiza hadithi. Walishinda mbele ya jopo 2008, mahakama ya rufaa 2009 ikaitupa hataza yenyewe. Utamu zaidi 2012 wakainunua Moodlerooms, kampuni ya kuhudumia Moodle, yaani waliokuwa wanashindana na Moodle wakageuka kuiuza huduma ya Moodle. Ukishindwa kumfukuza nyoka, mkodishie chumba 😂

Dokta Chaki
Mimi nimesoma hadi "debe la PDF" nikaishia hapo. Hivi ninyi watu wa IT mnajua kutengeneza kwizi moja ya maswali 40 kunachukua muda gani? Unafungua benki ya maswali, unaandika swali, unaandika majibu manne, unaweka asilimia ya kila jibu, unahifadhi, unasubiri kile kiduara kizunguke, unarudi mwanzo. Mara arobaini. Halafu muhula unaofuata kozi inafunguliwa upya na "fundi" kasahau kurejesha benki. Mafunzo niliyopewa ni mchana mmoja, watu sitini, projekta moja, mtoa mafunzo anabofya haraka kama anakimbizwa. Nina insha 380 za kusahihisha. PDF ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kuniangusha na sioni aibu kusema hivyo.

SevaHaizimwi
Dokta sikukutaja kwa jina, ila kama kofia imekutosha sina la kusema. Ngoja nami nikupe upande wangu. Nyinyi mnaweka dedilaini saa tano na dakika 59 usiku, wote, Jumapili. Mnafungua kwizi saa mbili kamili asubuhi, watu 600 wanaingia dakika moja, na mmetenga swali moja kila ukurasa kwa hiyo kila "endelea" inagonga seva. Hapo seva ikilegea anayetukanwa ni mimi. Mwingine kapakia video ya somo gigabaiti 2 ndani ya kozi badala ya kuiweka mahali pa video na kubandika linki, bakapu ya usiku, ile nakala ya akiba, ikakwama, tukajua wiki tatu baadaye. Wiki TATU bila bakapu kwa sababu ya mtu mmoja aliyejirekodi akitafuta chaki.

Dokta Chaki
Kama bakapu inakufa wiki tatu hujajua hiyo sio kesi ya video, ni kesi ya anayetakiwa kuangalia bakapu kila asubuhi. Nani alikuwa na kazi hiyo? Swali tu.

Kobe Mtandaoni
Nimevuta kiti.

Binti Fizikia
Samahani wakubwa zangu, mimi ni mwanafunzi, naomba niongee. Sisi hatujali kama ni GPL au nini. Muhula huu nina kozi tano. Kozi tatu zina PDF tupu. Moja kati ya hizo ni kitabu kilichopigwa picha kwa simu, kurasa 61, nusu zimelala ubavu, na ukurasa wa 14 kuna kidole gumba cha mtu kimefunika fomula yenyewe. Kidole kizima na kucha. Wengi wetu tunasomea simu, sasa jaribu kusoma ukurasa uliolala kwenye kioo cha simu, ukiigeuza simu nao unageuka. Kitu kilichonisaidia ni ile app ya Moodle, nadaunlodi kozi nikiwa na intaneti ya chuo nasoma baadaye bila bando. Kwa hiyo kura yangu ni mfumo unaofunguka vizuri kwenye simu. Asanteni.

Kobe Mtandaoni
Kidole cha ukurasa wa 14 kinastahili kuwa mwandishi mwenza.

Dokta Chaki
Binti, heshima yako, lakini kile kitabu hakichapishwi tena. Nakala iliyopo ni moja, ya kwangu, imefungwa kwa gundi na maombi. Nimeishika kwa mkono mmoja, simu mkono mwingine, taa ya ofisi inamulika ukurasa. Hapo kidole kitaenda wapi?

Kobe Mtandaoni
SUBIRI. Ina maana kidole ni CHAKO?

Dokta Chaki
Sijasema ni changu. Nimesema hali inaweza kutokea.

Binti Fizikia
Dokta mimi hata sijui kama tuko chuo kimoja 😭😭 naomba isiathiri alama zangu

Mzee wa Leseni
Nimekaa kimya ila hili haliwezi kupita. Umepiga picha kitabu kizima ukakipakia? Hakimiliki haifi kwa sababu kitabu hakichapishwi. Na hapo juu ukawa unamlaumu mwenzio habari za bakapu. Tunajadili leseni za programu huku ndani ya programu kumejaa vitabu vya watu.

Dokta Chaki
Kurasa 61 sio kitabu kizima. Ni sura mbili. Wewe mzee unapenda kesi kuliko hao Blackboard.

SevaHaizimwi
Dokta leo nakutetea, sura mbili si sawa na kitabu kizima. Ila kipo kiskana cha bure kwenye simu, kinanyoosha ukurasa, kinakata kingo, na maandishi yanasomeka hata kwa programu ya kumsomea asiyeona. Picha ya kidole mwanafunzi asiyeona haimsaidii kitu, kwake faili zima ni ukurasa mweupe. Hilo hakuna mfumo utakaolirekebisha.

Mjumbe wa Kamati
Jamani. Kikao ni Alhamisi. Nimesoma kurasa mbili za uzi nimepata kidole.
Narudia swali, na naliongeza: mwenyekiti anauliza tukichukua cha chanzo huria "tutampigia simu nani kikiharibika usiku". Nimjibu nini? Na yule wa Open edX bado hajanyamaza.

Kobe Mtandaoni
Wa Open edX mwambie ilizaliwa kwa kozi za maelfu ya watu wasiojuana, MIT na Harvard 2012. Ni nzuri kwa hilo. Kwa darasa lenye vikundi vya semina na alama za robo muhula utaipinda hadi ivunjike. Halafu edX yenyewe iliuzwa kwa 2U, kampuni ya elimu ya mtandaoni, mwaka 2021, dola milioni 800, na 2024 hao 2U wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Msimbo ukabaki. Mwenyekiti akiuliza faida ya chanzo huria ni hiyo, kampuni inazama na wewe bado una mfumo.

Mzee wa Leseni
Na kampuni ya Anthology, waliojiunga na Blackboard 2021, nao 2025 wakaenda mahakamani vivyo hivyo. Hii ya "kampuni kubwa haifi" tuiache.

SevaHaizimwi
Mkuu mjumbe samahani, tumekuchafulia uzi. Jibu la mwenyekiti: utampigia simu yule mtu mtakayemwajiri kwa pesa mliyokuwa mnalipia leseni. Kama mpango ni kuokoa pesa yote na kumwachia kijana mmoja wa IT ambaye pia anatengeneza printa, kaeni hukohuko mliko, mtaumia. Watu wawili angalau, mmoja akiugua mwingine yupo. Au mlipie kampuni inayohudumia Moodle, zipo nyingi, ikiwaudhi mnahamia nyingine na data yenu mkononi.
Moodle hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, msikimbizane nayo. Chukueni lile la kutunzwa muda mrefu, kwa mfano 4.5 lililotoka Oktoba 2024. Plagini, vile viongezo vya mfumo, msizidishe, kila plagini ni mdomo mwingine wa kulisha siku ya kuapgredi. Na cron, ile inayoendesha kazi za seva kwa ratiba, iende kila dakika, ikilala hiyo barua pepe haziendi, kozi mlizofuta hazifutiki, mtahisi mfumo umerogwa.
Kabla ya kura chukueni kozi moja halisi, chafu, ya mhadhiri msumbufu, mkaihamishe kwenye mifumo yote mitatu. Maswali yatahama nusu nusu, alama za wanafunzi hazihami. Mtajifunza zaidi kwa wiki hiyo kuliko kwenye huu uzi.

Dokta Chaki
"Mhadhiri msumbufu". Nimeona.
Ila kwa faida ya kamati niseme kitu cha maana: jaribuni daftari la alama. Mwanafunzi wangu alikuwa na 71 mfumo ukamwonyesha 43, akalia ofisini kwangu, kumbe kazi ambazo hazijasahihishwa zimehesabiwa sifuri. Ni kitiki kimoja tu kilikuwa hakijawekwa. Hakuna aliyeniambia kitiki hicho kipo. Nilikigundua saa saba usiku.

SevaHaizimwi
Hicho kitiki kimenitafuna hata mimi, kwa kweli hapo sibishi.

Mjumbe wa Kamati
Mrejesho. Tumekaa. Saa mbili na nusu. Moodle imepita kwa majaribio muhula mmoja, Sakai imepata kura moja, ya aliyechelewa kuingia. Waajiriwa wawili "itaangaliwa kwenye bajeti". Swali la kwanza la mwenyekiti nilipomaliza kuwasilisha: je, mfumo mpya unaweza kuinua PDF iliyolala? Sijui kama huwa anapita humu.

Binti Fizikia
😂😂😂

Dokta Chaki
Kwa hiyo nimeskani upya, kwa kile kiskana. Kurasa zote zimesimama. Sasa faili limekuwa megabaiti 48 na linakataa kupanda, linafika asilimia 90 linarudi mwanzo.

SevaHaizimwi
Ukomo huo huenda hauko kwenye kozi yako, uko kwenye PHP ya seva. Mwambie fundi wenu aongeze upload_max_filesize na post_max_size, zote mbili, akiongeza moja itakuwa kazi bure. Asipoelewa mtumie hii komenti. Au punguza ubora wa picha kwanza, 48 kwa kurasa 61 ni nyingi.