Mjadala: Kwenye umeme safi, wenyeji wawe wenye mali au walipwe fidia yaishe?

MLETA MADA

Wadau, Oktoba 2021 zilitoka hukumu mbili ambazo naona hazijajadiliwa vya kutosha. Tarehe 11, Mahakama ya Juu ya Norway ilisema vibali vya mashamba mawili ya upepo huko Fosen, yenye mitambo 151, ni batili kwa sababu vimeingilia haki ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini kule, ya kuendelea na ufugaji wao wa renidia, wale kulungu wa nchi za baridi. Siku nane baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru, Kenya, ikasema hati za ekari 150,000 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, zilipatikana kinyume cha sheria. Kule walioshtaki ni Wasami, huku ni wafugaji wa Marsabit, kaunti ulipo mradi. Wote walishinda, na pande zote mbili mitambo ikaendelea kuzunguka kama vile hakuna hakimu aliyesema neno.

Kichekesho ni kwamba Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, ulikuwa mmoja wa wenye hisa wa mradi wa Turkana.

Sababu ya mambo haya kujirudia inajulikana. Upepo mzuri na mvuke wa ardhini mara nyingi viko kwenye nyanda ambazo hazina hati ila zina wenyewe, watu waliozichunga na kuzihama na kuzirudia vizazi na vizazi. Madini nayo ni hivyo hivyo. Utafiti wa 2022 ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland ulipitia miradi 5,097 ya madini yanayotakiwa kwa betri, nyaya na mitambo ya nishati safi. Asilimia 54 ya miradi hiyo iko ndani ya ardhi za jamii asilia au jirani nazo. Kwa hiyo nani anaongoza safari hii ya kuacha mafuta na makaa ni swali la mwanzo kabisa, na linajibiwa kabla nguzo ya kwanza haijasimama.

Msimamo wangu ni huu. Kuitwa barazani, kusaini daftari la mahudhurio na kumsikiliza mhandisi akieleza jambo lililokwisha kuamuliwa si uongozi. Jamii inaongoza pale ardhi inapokuwa imesajiliwa kwa jina lake kabla mwekezaji hajatua, na pale inapokuwa na hisa zinazoipa kura kwenye bodi.

Mfano upo. Mokai, New Zealand, kuna kituo cha umeme wa mvuke kilichoanza kazi mwaka 2000, na sasa kina uwezo wa megawati 112 hivi. Asilimia 75 ya kampuni yake ni mali ya Amana ya Tuaropaki, yaani chombo kinachoshika mali kwa niaba ya Wamaori, wenyeji wa asili wenye ardhi ile. Joto la visima vyao linapasha nyumba za kuoteshea mboga, na kiwanda cha maziwa ya unga cha Miraka kinatumia mvuke huo huo. Sasa nenda Olkaria, Kenya. Visima vinachimbwa vile vile na mvuke unasukuma mitambo vile vile, lakini mwaka 2014 Wamaasai wa vijiji vinne walihamishwa kupisha Olkaria IV. Ilibidi wapeleke malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na makubaliano ya usuluhishi yakasainiwa 2016.

Na msiniambie kuna mrabaha, ile asilimia inayolipwa kwa kutumia maliasili. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inaweka mrabaha wa mvuke kati ya asilimia 1 na 2.5 kwa miaka kumi ya kwanza. Humo serikali kuu inachukua asilimia 75, kaunti 20, jamii 5. Pigeni hesabu kwa kiwango cha juu: kwa kila shilingi 1,000 za nishati, jamii inapata shilingi 1 na senti 25. Upepo hata haumo kwenye kifungu hicho.

Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokupendeza. Kinangop umeiacha kwa nini? Pale palikuwa na mradi wa upepo wa megawati 60. Wakulima walikuwa na hati zao mkononi, mikataba ya kukodisha mashamba ilisainiwa na fedha zilipatikana. Yakaja maandamano, siasa zikaingia, na mwaka 2016 mwekezaji akafunga virago bila mtambo hata mmoja kusimama. Hati zilikuwepo, kaka. Hazikuzuia kitu.

Halafu tuzungumzie gharama ya kusubiri. Mitambo ya Turkana ilikamilika 2017, lakini laini ya kuuleta umeme Suswa, kwenye gridi ya taifa, ikachelewa hadi 2018. Mkandarasi wa Hispania alifilisika, na huku kukawa na mivutano ya ardhi ya kupitisha nguzo. Mkataba wa kuuziana umeme ulisema umeme usiochukuliwa unalipwa vile vile. Waliolipa ni wananchi wote, pamoja na yule mjane asiyejua Marsabit iko upande gani.

Tabianchi haingoji vikao. Umeme ni mali ya taifa. Watu elfu chache walipwe vizuri, wajengewe shule na visima vya maji, nchi isonge mbele. Sioni dhambi hapo.

MLETA MADA

Kinangop ni hoja nzito, na nadhani inaonyesha kasoro ya hati ya mtu mmoja mmoja. Inamlipa yule aliyewekewa mtambo shambani. Jirani yake anayelala na mlio ule ule hapati kitu, na huyo ndiye anayeandamana.

Kajiado walijaribu njia nyingine. Mradi wa upepo wa Kipeto, megawati 100, mitambo 60, ulianza kuuza umeme 2021. Wenye mashamba wanalipwa kodi ya ardhi na sehemu ya mapato, na zaidi ya hapo kuna amana ya jamii yenye asilimia 5 ya hisa. Asilimia 5 ni ndogo, sikatai. Lakini ni hisa, na mwenye hisa anaruhusiwa kuuliza vitabu vya hesabu vimekaaje. Aliyejengewa darasa hana ruhusa hiyo, anashukuru tu.

Kuhusu gharama ya kusubiri: mivutano ya njia ya laini uliyoitaja mwenyewe ni ardhi. Wananchi walilipa gharama ya haraka, si ya kusubiri.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimefanya kazi za laini za umeme, niwasogezee jambo moja la ufundi ambalo wanasiasa hupenda kuliruka. Laini ya mradi wa Turkana, kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ni kilomita 428 na inabeba kilovolti 400. Huwezi kumchomolea mtu taa kutoka kwenye laini ya aina hiyo. Lazima ujenge kituo cha kupozea umeme, ushushe hatua kwa hatua, kisha utandaze nyaya ndogo vijijini. Kituo kama hicho ni ghali, na kwa vijiji vichache vilivyotawanyika hesabu ya mhasibu haikubali kamwe. Ndiyo maana mtu anaweza kuchunga mbuzi chini ya nguzo miaka kumi na usiku akawasha kibatari. Hakuna hila ya mhandisi hapo. Mradi ulipangwa kupeleka umeme kwenye gridi ya taifa, basi.

Sasa angalieni Ontario, Canada. Kuna laini inaitwa Wataynikaneyap, kilomita 1,800 hivi, ambayo mataifa asilia 24, yaani jamii za wenyeji wa asili wa Canada, yanamiliki asilimia 51 yake. Kazi yake ya kwanza ni kuziunganisha jamii 17 za mbali zilizokuwa zinaishi kwa jenereta za dizeli. Nyaya ni zile zile na transfoma ni zile zile. Aliyeshika kalamu wakati wa kuchora ramani ndiye aliyeamua laini ipite wapi na ishuke wapi.

Kwa hiyo nikisikia "umiliki", mimi siwazii gawio kwanza. Nawazia ule mchoro.

MCHANGIAJI WA TATU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni akija mwenyeji anahama.

Hata hivyo mimi sipo na mleta mada moja kwa moja, kwa sababu mnaongea "jamii" kama vile ni mtu mmoja mwenye akaunti moja ya benki. Eneo lile la Turkana linatumiwa na Warendille, Wasamburu, Waturkana, Waelmolo na Wagabra. Mwingine yupo mwaka mzima, mwingine anakuja mvua zikikata. Ukisajili ardhi kwa jina la mmoja, umewasha moto ambao hakuna amana itakayouzima. Na yule anayekuja miezi mitatu kwa mwaka ni mwenyeji au mpita njia? Malisho ya kiangazi ndiyo yanayookoa mifugo, kwa hiyo kwake miezi hiyo mitatu ni yote.

La pili, hao viongozi. Mimi nimekaa kwenye kamati ya amana, si ya umeme, ya mambo mengine, na najua inavyokwenda. Mwenyekiti ni wa ukoo fulani, katibu ni mpwa wake, wanawake wawili wamewekwa ili sheria itimie. Mwaka wa kwanza posho za vikao, mwaka wa pili gari. Hisa asilimia 75 zikiingia kwenye mfuko wa namna hiyo, wamefaidika watu tisa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imejaribu kuliona hili. Mkataba wa uwekezaji lazima uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni. Kifungu kizuri sana. Sasa niambieni, theluthi mbili ya wafugaji mnawakutanisha wapi, na mwezi gani? Wakati wa ukame wamesambaa hadi mipakani. Mkiitisha kipindi hicho, wanaofika ni wale walioacha kuhama, na hao ndio wenye maduka.

Ndiyo, nataka hisa ziwepo. Lakini ziwe na masharti: hesabu zisomwe hadharani kila mwaka kwa lugha ya pale, wajumbe wabadilishwe, na mkutano uitishwe msimu ambao watu wamerudi. Bila hayo bora kila nyumba ilipwe pesa yake kwenye simu, kila mtu ajue moja.

MCHANGIAJI WA NNE

Maneno mazuri. Swali dogo: pesa ya kununua hizo hisa mfugaji anaitoa wapi? Benki gani itamkopesha mtu asiye na hati?

MLETA MADA

Nianze na wa nne, maana swali lake si dogo.

Njia ya kwanza, ardhi yenyewe ihesabiwe kuwa mtaji. Mwekezaji analeta fedha, jamii inaleta eneo, na eneo linathaminiwa kama mashine inavyothaminiwa. Njia ya pili ni dhamana ya serikali. Canada katika bajeti ya 2024 ilitenga hadi dola za Canada bilioni 5 kudhamini mikopo ya jamii asilia zinazotaka kununua hisa kwenye miradi ya nishati na maliasili. Benki inakopesha kwa riba nafuu kwa sababu serikali iko nyuma. Niwe mkweli, dhamana hiyo inaruhusu miradi ya mafuta na gesi pia. Jamii ikiwa na uwezo wa kuamua inaweza kuamua jambo ambalo mpenda mazingira hatalipenda. Mnakumbuka mtambo mkubwa wa makaa wa megawati 2,250 kwenye ardhi ya Wanavajo, Marekani? Ulipofungwa 2019 walipoteza ajira na mapato, na si wote walioshangilia. Mamlaka yao ya umeme ilikuwa tayari imejenga shamba la sola la Kayenta, megawati 55, lakini sola ikishajengwa haihitaji watu wengi.

Kwa wa tatu: masharti yako nayachukua yote, hasa la msimu. Sikubali pesa ya simu peke yake. Pesa ya simu haina kura, na mwaka ambao kampuni itauzwa kwa mwingine hakuna atakayekupigia. Kuhusu wanaohamahama, sheria ya Kenya inaruhusu kusajili haki ya kutumia bila kuwa mwenye ardhi. Mgeni wa kiangazi anaweza kuandikwa hivyo, na njia za mifugo zikachorwa kwenye ramani ya mradi. Ni kazi ya miaka, najua.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Bado hujajibu moja. Wakisema hapana?

MLETA MADA

Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linadai ridhaa huru, iliyotolewa mapema, yenye taarifa kamili. Nchi 144 ziliunga mkono, Kenya ilijizuia kupiga kura. Ridhaa isiyoruhusu hapana ni fomu tu. Kwa upepo na jua naona ni rahisi: hapana iheshimiwe, mradi usogee, kuna vilima vingine. Mvuke ndio mgumu, kwa sababu uko pale ulipo na hauhamishiki. Hapo ningesema hapana ya kwanza irudishe watu mezani, bei ipande, mchoro ubadilike, na hapana ya pili iwe ya mwisho.

Utaniambia nchi itapoteza megawati. Itapoteza baadhi, ndiyo. Lakini angalia Fosen ilivyoishia: makubaliano ya Desemba 2023 na Machi 2024, fidia ya kila mwaka, malisho mengine ya msimu wa baridi. Yote hayo yangeweza kuzungumzwa kabla ya kuchimba msingi. Mahakama ya Meru nayo ilitoa mwaka mmoja wa kurekebisha hati, na Mei 2023 ikakataa kuongeza muda.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapana ya pili kuwa ya mwisho sikubaliani nayo, na kwa mvuke sitakubali kamwe. Asilimia 75 kama ya Mokai nayo naiona ndoto, mwekezaji mwenye mkopo wa benki hawezi kukubali kuwa mdogo kwenye bodi. Nikupe robo ya hisa na mchoro ujadiliwe kabla ya leseni. Hapo tunaweza kuzungumza.

MCHANGIAJI WA TATU

Robo ya nani? Andikeni majina ya koo kwanza.