Mnatambuaje kinachoifanya siku ya kawaida iwe na maana?

Mhasibu wa Chanika

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Kwa miaka mingi mimi na mwenzangu tuliishi kwa lengo moja, nalo ni kujenga. Kila tulipokosa nafasi ya kwenda kuwasalimia wazazi kijijini, au ya kushinda na watoto siku ya Jumamosi, tulijiambia kwamba mambo hayo yatapata wakati wake nyumba ikishafika kwenye lenta, kisha ikishaezekwa, kisha ikishawekwa madirisha. Sasa tumehamia huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hatudaiwi kodi na mtu, na namshukuru Mungu kwa dhati. Hata hivyo ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi kazini Posta, katikati ya jiji, kabla foleni haijakaza, ninarudi watoto wamekwisha kulala, na siku za mapumziko huishia kwenye misiba, vikao vya harusi na kumfuatilia fundi bomba. Nikijiuliza usiku ni kipi nilichokifurahia, jibu halinijii, na linalonisumbua zaidi ni kwamba tayari tumeanza kuzungumzia kiwanja cha pili.

Siombi ushauri wa kuongeza kipato wala wa kupanga ratiba. Ninataka kujua ninyi mnatuliaje mkaitazama siku yenu, mkatambua ni saa zipi mliishi kweli na ni zipi zilipita tu.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mwanangu, kwanza hongera kwa kujenga, maana si jambo dogo, na usimruhusu mtu akuambie kwamba ulipoteza muda.

Njia ninayoitumia niliisoma katika kazi ya Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wanawake 909 waliokuwa wakifanya kazi Texas, Marekani. Hawakuishia kuwauliza kama wameridhika na maisha yao, kwa sababu swali pana namna hiyo humfanya mtu ajibu kwa kuangalia mshahara au ndoa yake. Waliwaomba waikumbuke siku ya jana na kuigawa vipande vipande, na kwa kila kipande waeleze walikuwa wakifanya nini, wakiwa na nani, na walijisikiaje. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyopata alama za chini kabisa, na kukaa na watu wanaowapenda kulikuwa juu. Hata kulea watoto hakukupata alama za kujivunia, jambo lililonishangaza.

Chukua daftari la kawaida ufanye hivyo kwa muda, bila kujihukumu. Utakachokiona kwanza, nadhani, ni kwamba bei ya kiwanja cha mbali hailipwi kwa fedha peke yake, na ni vyema mlijue hilo mapema kabla hamjaenda kukiangalia hicho cha pili.

Mwana wa Lamu

Nakubaliana na Mwalimu, ila ningependa kuongeza kwamba kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaona akiwa peke yake na daftari.

Huku kwetu vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kupita, mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na nje ya nyumba nyingi kuna baraza la mawe. Baada ya sala ya alasiri wazee hukaa hapo, kahawa ikapitishwa, na mgeni anaweza kudhani kwamba hakuna linalofanyika. Lakini asipoonekana mmoja wao, kabla ya magharibi kijana atakuwa amekwisha kutumwa kwake kumjulia hali. Mimi naona utulivu wa kweli unatoka hapo, katika kujua kwamba kutokuwapo kwako kutaonekana.

Uko utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 na kuwafuatilia wanaume zaidi ya 700, wengine wanafunzi wa chuo hicho na wengine wavulana wa mitaa maskini ya Boston, hadi uzeeni. Waliokuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao na watu wa karibu walipofika miaka 50 ndio waliokuwa na afya nzuri zaidi walipofika 80. Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu: huko Chanika, jirani wa ukuta wa pili unamjua jina?

Muuguzi, Mombasa

Kaka zangu, baraza ni jema, lakini wakati wanaume wamekaa hapo kuna mtu yuko jikoni anakuna nazi, na saa zake pia zihesabiwe.

Kuhusu daftari la Mwalimu, nina neno moja. Jumapili jioni, nikiwa sina zamu, humsuka binti yangu. Hukaa kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, analalamika kwamba ninamvuta, mgongo wangu unauma kwa kazi ya wiki nzima, na ukiniuliza wakati huo ninajisikiaje nitakupa alama za chini sana. Lakini ni hapo, akiwa amenipa kisogo na hanitazami machoni, ndipo huniambia nani alimcheka darasani na ni somo gani linamtisha. Saa ile ndiyo ya mwisho ambayo ningekubali kuiacha. Furaha ya papo kwa papo haitoshi kuwa kipimo, kwa hiyo mimi ningeongeza swali jingine katika daftari: ni kipande kipi ningehuzunika kama kingeondolewa katika wiki yangu?

Mhasibu wa Chanika

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Jina la jirani nimelijua juzi baada ya kulisoma swali la ndugu wa Lamu, nikaenda kubisha hodi.

Nimeanza kuandika. Kipande kilichonishangaza ni chakula cha mchana kwa mama lishe, ambapo mimi na wenzangu wawili wa ofisini huketi kwenye benchi moja tukila wali maharage na kuzungumzia watoto wetu, na sikuwahi kukihesabu kuwa ni sehemu ya maisha yangu. Swali la dada muuguzi limekuwa gumu zaidi, kwa sababu kwa upande wa watoto hakuna cha kuondoa. Mwenzangu naye ameandika daftari lake, na tumekubaliana kwamba mazungumzo ya kiwanja yasubiri mpaka tuyasome madaftari yote mawili kwa pamoja.

Mwalimu, ni bora kuandika usiku uleule au kesho yake?

Mwalimu mstaafu, Tanga

Marahaba. Andika kesho yake, kama walivyofanya wale watafiti, kwa sababu uchovu wa usiku huifanya siku nzima ionekane mbaya. Ukipata kiti kwenye daladala, hiyo safari ya alfajiri inakutosha.